Glavu Zilizopanda Mlimani

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, nyinyi mnaojifunza kufuma pale Kawangware 46. Vidole vyangu siku hizi vimekataa sindano, lakini kalamu bado vinaishika. Nitawaandikia ninayoyakumbuka, ila msitegemee mpangilio, kwa sababu mimi mwenyewe sikufundishwa kwa mpangilio.

Watu hudhani kufuma ni kazi ya kutuliza roho. Wanaona mama ameketi mlangoni, uzi mapajani, wanasema huyo amepumzika. Mimi nimefanya kazi hii nikiwa na wasiwasi karibu siku zote. Wasiwasi wa kitanzi kilichoponyoka bila kukiona. Wasiwasi wa uzi kuisha wakati mkono wa pili wa sweta haujafika kiwiko. Wasiwasi wa shingo. Sweta yangu ya kwanza ya mtoto ilikuwa nzuri sana mpaka mama yake alipojaribu kumvisha. Kichwa kiligoma kupita, mtoto akalia humo ndani kama aliyefungiwa stoo, na tukalazimika kumtoa kwa makasi. Nilikuwa nimefunga vitanzi vya mwisho kwa kuvuta sana. Kwa hivyo la kwanza mlishike: ukimalizia shingo, legeza mkono. Uzi unajua ukiwa na hofu. Ukikaza roho, nao unakazika.

Nilikuja Nairobi kutoka Kitui nikijua kusuka vyondo, vile vikapu vyetu vya kamba. Niliolewa, nikapanga chumba Mashimoni kule Kibera, nikafikiri vidole vyangu vimeshajua kila kitu. Mama Nafula ndiye aliyenionyesha kwamba sijui. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Kakamega, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekodi kile chumba cha Kawangware mnachokaa sasa, kabla hakijawekwa dirisha. Siku ya kwanza alinipa sindano mbili zilizotengenezwa kwa spoku za baiskeli, zimesuguliwa kwenye jiwe hadi ncha zikawa laini. Sote tulianza na hizo. Kulikuwa na fundi wa baiskeli nje ya ploti ambaye akituona tukipita alikuwa akihamisha magurudumu yake ndani.

"Umesuka vyondo?" aliniuliza.

"Tangu nikiwa mtoto."

"Basi una shida. Kiondo hakitanuki. Sweta inavaliwa na mtu anayepumua."

Alinianzishia kwenye skafu, na skafu tu, kwa muda mrefu mpaka nikaichukia. Baada ya skafu ni kofia, zile mnazoita marvin, ambapo unajifunza kuzunguka na kupunguza vitanzi. Kisha kroshia, kwa sababu ndoano moja inakufundisha kuona umbo kabla halijatokea. Misuko ilikuja mwisho kabisa. Nasema ile mistari minene inayopandana kifuani mwa sweta kama nywele zilizosukwa. Mnaitamani mapema, najua, mnaiona kwenye video za simu na mnadhani ni uchawi. Si uchawi. Unaweka vitanzi kadhaa pembeni kwenye kijiti, unafuma vile vinavyofuata, kisha unavirudisha vya kijiti. Ukiviweka mbele ya kazi, msuko unalala upande mmoja. Nyuma ya kazi, unalala upande mwingine. Ukisahau uliviweka wapi, msuko unavunjika katikati, na utaona kosa hilo kila mwenye sweta akipita mbele yako maisha yako yote.

Mambo mawili ya misuko ambayo hayaonekani kwenye video. Misuko inavuta sweta ndani, kwa hivyo ongeza vitanzi, la sivyo mtu mzima atavaa ya mwanawe. Na kabla ya kupinda, pitisha uzi wa rangi nyingine kwenye mstari mzima, uuache pale. Ukiharibu, utafumua mpaka kwenye uzi huo na hutapita hapo. Kazi nyingi nimeziokoa hivyo. Mama Nafula alisema uzi huo ni wa kulala usingizi.

Sasa niwaambie kuhusu Julai ile ambayo sikulala.

Mtoto wangu wa mwisho ni Musyoka. Alikulia chini ya meza ya Mama Nafula, kati ya mafundo ya uzi, na hakutaka kabisa kujifunza. Alipokuwa mkubwa alitafuta kazi hapa mjini akachoka, akamfuata rafiki yake Muriuki kwenda kubeba mizigo Mlima Kenya. Wazungu na watu wa Nairobi wenye nafasi zao wanapanda kwa raha, wale vijana wanawabebea mahema na chakula. Nilimfumia sweta nzito ya misuko. Alikuja nyumbani mara moja na kuniambia, "Mathe, maboyz wameona sweta yangu. Wote wanataka. Sweta, marvin na glavu."

Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mama Nafula aliigawa kama kawaida, kila mtu kwa kiwango chake. Wanaoanza walipewa skafu. Waliofika katikati walifuma migongo na mikono ya sweta, na marvin. Mimi na yeye tulichukua vifua, maana ndiko misuko ilikuwa. Glavu alipewa Akinyi. Mnamjua Akinyi leo kama mwalimu wenu, lakini wakati huo alikuwa msichana aliyetoka shule bila kumaliza, mwenye mkono mwepesi wa kroshia kuliko sisi wote. Vidole vya glavu vilimtoka kama anavichuma.

Uzi wetu tulikuwa tukiupata kwenye mitumba. Tulinunua sweta za sufu zilizochakaa, tukazifumua, tukaosha uzi na kuuning'iniza na kitu kizito chini ili unyooke. Kabla ya kufumua tulichoma kipande kidogo. Sufu halisi inakwepa moto, inanuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake yanapondeka. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha shanga ngumu. Pamba inashika moto haraka na inanuka karatasi. Haya yote mnayajua kwa maneno. Nataka muyajue kwa pua.

Sufu iliisha kabla ya glavu. Vijana walikuwa wanangojea, msafara wao ulikuwa umekaribia. Mama Nafula akaenda kununua uzi mpya kwa mfanyabiashara mmoja aliyemwapia kwamba ni sufu tupu. Ulikuwa na rangi ya maziwa. Akinyi aliuweka shavuni.

"Auntie, hii ni laini hadi inabembeleza," alisema.

Nilisikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye msuko. Musyoka akaja na gunia, akapakia kila kitu, akanikumbatia kwa mkono mmoja, akaenda.

Siku iliyofuata asubuhi kulikuwa na ule ukungu wa Julai unaokaa juu ya mabati mpaka saa sita. Nilifika kazini nikamkuta Akinyi anakamua bonge la uzi mlangoni. Alikuwa ameosha mabaki ya ule uzi wa glavu siku mbili nyuma, anataka kumfumia mtoto wa dadake kofia.

"Haukauki, auntie. Ni baridi tu."

Niliushika. Ulikuwa mzito, baridi, kama kitambaa cha kupangusia sakafu. Pembeni yake kwenye kamba ileile kulikuwa na sufu kidogo ya Mama Nafula, ya sweta aliyoipata baadaye, iliyoanikwa siku hiyohiyo, na ilikuwa karibu kukauka. Nilikata kipande, nikaomba kiberiti. Kilishika moto mara moja, mwanga wa njano, na chumba kikanuka karatasi.

Akinyi alinitazama. "Inamaanisha nini?"

"Ni pamba."

"Si pamba pia inashika joto?"

"Ikiwa kavu."

Akaelewa. Kule juu kuna mvua inayogeuka barafu. Sufu ikilowa bado inakupa joto. Pamba ikilowa inanyonya maji, inakaa nayo, inakukumbatia mkono na baridi yake yote. Wale wanaume wangekuwa wameshika kamba na mizigo asubuhi nzima, glavu zimelowa, wakiamini ni sufu kwa sababu sisi ndio tuliwaambia. Akinyi aliketi chini akajishika kichwa. Mimi nilikuwa tayari nampigia Musyoka simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Wapagazi huzima simu ili zisiishe chaji, nilijua hivyo, lakini niliendelea kupiga kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyoona taa ndani.

Mama Nafula alipoingia nilimwonyesha. Alichoma kipande mwenyewe, akanusa.

"Pengine hakutanyesha," alisema.

"Mama Nafula, ni Julai."

"Najua ni Julai. Sikiliza, Mama Musyoka. Tukisema tumewauzia wapagazi kitu kibaya, habari itafika kila mahali. Hawa wasichana watakula nini? Tungoje washuke, tuwabadilishie kimyakimya."

Sikumjibu kwa hasira, ingawa nilikuwa nayo. Nilimwelewa. Alikuwa amelea chumba kile kwa miaka mingi, na wasichana wote mle walimtegemea. Nilimwambia tu, "Mwanangu yuko huko na vidole vyake."

Ndipo nikakumbuka kwamba Musyoka aliwahi kunipigia kwa simu ya Muriuki. Nikatafuta namba, nikapiga, ikashikwa. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Muriuki alikuwa amebaki mjini chini ya mlima kwa sababu ya jino, shavu limefura.

"Wameingia getini leo asubuhi, mama," alisema. "Lakini wanapanda polepole, wageni wao ni wazee. Kambi za kwanza hakuna barafu. Ukinitumia mzigo leo, kesho mapema nitapanda nao. Jino tayari lilitolewa."

"Utaweza?"

"Nitaweza tu, mama. Hao ni wenzangu."

Gari la mizigo la kwenda kule lilikuwa linaondoka jioni. Tulikuwa na mchana mmoja na hatukuwa na sufu ila ile kidogo ya kwenye kamba. Nilisimama katikati ya chumba nikitafuta cha kufumua, nikigeuza sweta za wateja, zote za plastiki. Wasichana walikuwa wananitazama.

Mama Nafula alivua koti lake.

Hamkuliona koti lile. Alilifuma akiwa kijana, sufu tupu, rangi ya chai nzito, misuko mipana mgongoni iliyogawanyika na kukutana tena, na mingine midogo kwenye mikono. Kila Julai alikuwa analivaa, na wateja walikuwa wakimgeuza barabarani kulitazama. Mimi nilijifunzia misuko kwa kusimama nyuma yake. Alilikunja mapajani, akatafuta mwisho wa uzi pale shingoni, akaukata kwa meno.

"Akinyi," alisema, "shika huku uvute. Usivute kwa haraka, utakatika."

Kufumua misuko kunaumiza macho. Sweta ya kawaida inafumuka kama maji, lakini msuko unakwama kila unapopinda, ni lazima uubembeleze. Uzi ulitoka umejikunja kama tambi. Hakukuwa na wakati wa kuuosha, kwa hivyo tulichemsha maji kwenye sufuria, tukaupitisha juu ya mvuke, ukalegea kiasi. Hatukufuma glavu za vidole vitano. Zile za kidole gumba peke yake na vingine vyote pamoja zinafumwa haraka na zina joto zaidi, kwa sababu vidole vinapashana. Tuliufuma uzi ukiwa mara mbili. Wanaoanza walifanya ukingo wa mkononi, kitanzi mbele, kitanzi nyuma, hakuna cha kufikiri. Wa katikati walipokea wakafuma kiganja. Akinyi alifunga ncha kwa kroshia. Mimi na Mama Nafula tulifanya vidole gumba, ambavyo ndivyo vinavyosumbua. Hakuna aliyeimba wala kupiga stori. Msichana mmoja alidondosha kitanzi akaanza kulia, Mama Nafula akamchukulia kazi mkononi, akakiokota, akamrudishia.

Nilikuwa nawahesabu wale wanaume kichwani, kisha nazihesabu glavu mezani. Halafu naanza upya, kama kwamba hesabu ingebadilika. Koti liliisha. Sufu yake iliyokuwa kwenye kamba nayo tuliimaliza ikiwa na unyevu. Jioni ilipofika glavu hazikutosha watu wote. Nilizifunga hivyohivyo kwenye mfuko wa plastiki, nikaandika jina la Muriuki, nikamkabidhi dereva na kumwomba mpaka akachoka nami.

"Mama, ni glavu tu," aliniambia. "Si dawa."

Siku zilizofuata sijui nizieleze vipi. Muriuki alinijulisha kwamba mzigo umefika na anapanda, kisha simu yake nayo ikazima. Kule Mashimoni mvua ya manyunyu ilikuwa haikatiki, na kila nilipoisikia kwenye mabati nilijiambia huko juu ni barafu. Nilienda kazini, nikafuma, nikafumua nilichofuma. Mama Nafula alikuwa amejifunga leso mabegani, anakohoa, na hakuna aliyethubutu kumtazama sana. Akinyi hakuja. Nilimtuma mwenzake akamwite, akarudi akasema Akinyi amesema hatashika ndoano tena.

Niliomba. Kanisani niliombewa. Lakini niwaambie kweli, hata nikiwa nimepiga magoti nilikuwa naona mikono tu.

Simu ililia nikiwa foleni ya maji na mtungi wangu.

"Mathe, tumeshuka."

"Vidole?"

"Viko."

"Musyoka, usinifiche."

"Viko, mathe. Vimechomwa na baridi kiasi. Daktari amevifunga. Nakuja."

Niliacha mtungi pale foleni. Mtu mwingine alinijazia akaniletea nyumbani, mpaka leo sijui ni nani.

Alikuja na mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Alinieleza akiwa ameketi kitandani. Muriuki alikuwa amewafikia jioni, wamechoka, akafungua mfuko na kuwaambia yote, kwamba glavu nyeupe ni pamba na mamake Musyoka ametuma nyingine. Walipoona hazitoshi walitazamana. Alfajiri ya kupanda kileleni mvua ya barafu iliwapiga. Waliovaa zile za Mama Nafula walishuka na mikono yao mizima, hata mmoja hakudhurika. Waliobaki, Musyoka akiwa mmoja wao, walivaa zile nyeupe na mifuko ya plastiki juu yake, na ni mfuko wa mkono wa kulia wa Musyoka pekee uliochanika kwenye mwamba.

"Kwa nini hukuchukua?" nilimuuliza. "Nimezifuma kwa ajili yako."

"Mathe, mimi ndiye niliwaletea hiyo order. Mimi ndiye mtoto wa fundi. Ningechukua yangu kwanza, niwatazame hao wengine vipi?"

Nilitaka kumchapa na nilitaka kumshika. Nilimpikia chai, na nilipomshikia kikombe alicheka, akasema anajiona mtoto wa nasari.

Vidole vilipona polepole. Ngozi ilibadilika rangi, ikatoka, ikaja nyingine. Viwili vya mwisho havijarudi sawa, havisikii moto wala baridi, na akishika kitu kidogo lazima atazame kama amekishika. Mama Nafula aliwapigia wapagazi mwenyewe, akawaambia kosa lilikuwa la chumba chetu. Tulidhani ndio mwisho. Waliagiza glavu nyingine, wakasema wanataka zile za kidole kimoja. Yule mfanyabiashara alipoulizwa alisema naye aliambiwa ni sufu. Pengine ni kweli. Naye, kama sisi, hakuwa amechoma kipande.

Mama Nafula hakufuma koti lingine. Nilimfumia mimi, nikajitahidi kukumbuka ile misuko ya mgongoni, na pale inapogawanyika sikuwahi kuipata sawasawa. Alilivaa hadi alipokufa na hakuwahi kuitaja hiyo sehemu.

Kuhusu Akinyi. Alikaa nyumbani kwao, mtaa wa Satellite, akisaidia kuuza mboga, na kila aliponiona alivuka barabara. Bandeji ilipotolewa, Musyoka aliniuliza anakoishi. Nilimwambia amwache msichana wa watu, ana uchungu wa kutosha. Hakunisikiliza. Alimleta kazini siku moja asubuhi, sijui alimwambia nini njiani. Akinyi alisimama mlangoni, macho chini. Sisi sote tuliinamia kazi zetu kama watu wenye shughuli nyingi.

Musyoka aliketi kwenye kiti kilichokuwa chake Akinyi, akaweka mkono wake mezani, kiganja juu.

"Nipime," alimwambia. "Narudi mlimani mwezi ujao. Nataka za vidole vitano."

"Auntie atakupima," Akinyi alisema.

"Nataka unipime wewe."

Akinyi akaja, akachukua utepe wa kupimia, akauzungusha kwenye kiganja. Alipofika kwenye vile vidole viwili alisimama, hakujua avishike vipi.

"Hapo shika tu," Musyoka alisema. "Haviumi. Viachie nafasi kidogo."

Akinyi akavishika, akavipima, akarudia tena kuvipima. Halafu, bila kumtazama mtu, akanyoosha mkono upande wangu na kuniambia, "Auntie, nipe uzi na kiberiti."